Nyumba ya Mawe, Fleti ya Maendeleo au Nyumba ya Matofali: Kulinganisha Ubora wa Ujenzi Zanzibar

Dalali wa mjini Unguja anaweza kukuonesha nyumba tatu kwa siku moja, na kila moja ikawa imejengwa kwa elimu yake. Asubuhi atakupitisha vichochoroni Kiponda hadi kwenye nyumba ya ghorofa mbili ya mawe na chokaa, ambayo kuta zake ni nene kiasi cha mtoto kukaa ndani ya dirisha na miguu yake isitokeze nje. Adhuhuri atakupandisha ngazi za fleti ya Michenzani. Alasiri mtakuwa Tomondo, mbele ya nyumba mpya ya matofali yenye vigae vinavyong'aa na rangi ambayo bado inanukia. Ukirudi kwako jioni, wazee watakuambia kuwa nyumba zilikuwa za zamani, vijana watakuambia kuwa za zamani ndizo zinazoanguka kila masika, nawe utalala huna jibu.

Nimeishi katika aina mbili kati ya hizo tatu, na ya tatu nimesimamia ujenzi wake kwa niaba ya ndugu yangu anayefanya kazi Omani. Kilichonisukuma kuandika ni kuona watu wakitoa akiba ya miaka mingi kwa kutazama umri wa nyumba peke yake. Nyumba ya miaka mia moja inaweza kuwa salama kuliko nyumba ya miaka minane, na kinyume chake pia hutokea, kwa sababu kila nyenzo ya ujenzi ina masharti yake na nyumba hudumu pale masharti hayo yanapotimizwa. Katika visiwa vyetu, sharti linalotangulia yote ni maji: yanaingilia wapi, na yanatokea wapi.

Kwa hiyo nitazilinganisha nyumba hizi kwa vigezo vilevile: ukuta, dari na paa, msingi na ardhi iliyokalia, joto na hewa, mabomba na umeme, na mwisho matengenezo pamoja na vibali vyake. Bei sitaigusa, kwa kuwa hubadilika kwa mtaa na kwa msimu. Vilevile nimeziacha nje nyumba za kukandika kwa miti na udongo, ingawa bado ziko nyingi Pemba na katika mitaa ya zamani ya Ng'ambo, kwa sababu anayeishi ndani yake mara nyingi anafikiria kuijenga upya papo hapo, na huo ni uamuzi wa namna nyengine.

Ukuta

Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe ni wa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, yakashikanishwa kwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo juu ya lundo la magogo, kisha ikalowekwa muda mrefu kabla ya kutumika. Unene wa ukuta ni kama nusu mita, na mara nyingi zaidi ya hapo, maana mwashi wa zamani alitegemea uzito na upana wa ukuta kuliko nguvu ya kile kinachoyashika mawe. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa, na hata baada ya miaka mingi hubaki na ulaini fulani, hivyo jengo likititia kidogo hutoa nyufa ndogondogo nyingi badala ya ufa mmoja wa kutisha. Sifa yake iliyo bora ni kwamba unyevu unaoingia ukutani wakati wa masika hupata njia ya kutoka msimu wa ukavu unapofika.

Udhaifu wake umo humo humo. Mawe haya yana vitundu, yanafyonza maji na chumvi, na ukuta ukizibwa usipumue huanza kuoza kwa ndani. Chumba cha chini cha nyumba ya baba yangu mdogo, Mkunazini, kilipigwa lipu ya saruji kwa sababu lipu ya zamani ilikuwa ikimeguka, na fundi aliahidi kuwa sasa ni kazi ya kudumu. Kwa mwaka mmoja ukuta ulikuwa laini kama kioo. Masika ya pili yalipopita nilibisha kwa kidole nikasikia sauti ya mtungi mtupu, na nilipotia ncha ya ufunguo kwenye ufa mwembamba kikaanguka kipande cha ukubwa wa sinia. Nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa, yamefunikwa unga mweupe wa chumvi, na chokaa iliyokuwa baina yao ilitoka kwa kidole kama unga uliorowa. Saruji haikuwa mbovu, na mawe hayakuwa mabovu. Vilikutanishwa vitu viwili visivyokaa pamoja, na maji yaliyokuwa yakitoka kwa uso wa ukuta yalifungiwa ndani. Tangu siku hiyo, nikiingia nyumba yoyote ya mawe, jambo la kwanza ninalolifanya ni kubisha ukuta wa chini kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua.

Fleti za Maendeleo zina mpango mwengine kabisa. Zilijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa mwito wa Mzee Abeid Amani Karume na kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na zinaonekana Michenzani, Kilimani na Kikwajuni kwa upande wa Unguja, na Wete na Mkoani kwa upande wa Pemba. Uzito wa jengo hubebwa na zege lenye nondo, na matofali ya saruji hujaza nafasi. Ujenzi wa namna hii ukifanywa kwa makini hustahimili mengi, na majengo hayo yamethibitisha hivyo kwa kubeba watu wengi kwa miaka zaidi ya hamsini. Hata hivyo, zege nalo lina umri wake, hasa penye upepo wa bahari. Hewa na chumvi hupenya kidogo kidogo mpaka zikafika kwenye nondo; nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba hulisukuma zege linaloizunguka mpaka likapasuka. Dalili yake haifichiki kwa anayejua pa kutazama: ufa ulionyooka unaofuata njia ya nondo, doa la rangi ya kutu, na vipande vya zege vinavyomeguka chini ya roshani au pembeni mwa ngazi. Ukiona hayo kwenye nguzo, au kwenye muhimili unaobeba dari, lipeleke suala kwa mhandisi kabla hujazungumza bei.

Nyumba mpya ya matofali ndiyo yenye tofauti kubwa kati ya moja na nyengine, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji anipe muda zaidi, kwa kuwa ndiyo wengi wanayoichagua. Ukuta wake kwa kawaida ni wa tofali la nchi sita, yaani sentimita 15 hivi, chini ya thuluthi moja ya unene wa ukuta wa mawe. Unene huo unatosha kwa nyumba ya chini isiyo na ghorofa, ilimradi tofali liwe tofali. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa matofali yapatayo 30, utapata tofali linalolia kwa sauti kavu ukiligonga kwa jengine. Ukinyooshwa hadi kutoa 50, utapata tofali linalokwaruzika kwa kucha. Ratiba ya kumwagilia nayo ni muhimu sawa na saruji yenyewe. Saruji hukomaa kwa maji, na tofali au zege likiachwa juani siku ya pili bila ya kumwagiliwa hukauka kabla ya kukomaa, na nguvu iliyopotea hapo hairudi tena. Siku saba za kumwagilia ndicho kiwango cha chini, na zege la muhimili huhesabiwa kuwa limefikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28. Kwa bahati mbaya siku hizo ndizo zinazokatwa pale mwenye nyumba anapokuwa na haraka au yuko mbali.

Kisha kuna mchanga. Mchanga mzuri wa kujengea unazidi kuwa adimu Unguja, na uchimbaji wake unasimamiwa na Serikali, kwa hiyo kishawishi cha kutia mchanga wa pwani ni kikubwa. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi ndani ya zege huiozesha nondo bila ya kusubiri mvua wala upepo. Nimeiona nyumba isiyofika miaka minane, ya nje nzuri mno, ambayo lenta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya madirisha, upande wa sebule ilikuwa imepasuka kwa urefu wake wote. Fundi alipoichonga, nondo iliyokuwa nene kama kidole ilikuwa imebaki kama penseli, na ilikuwa imelazwa karibu kabisa na uso wa zege, haikufunikwa hata kwa nusu nchi. Nyumba hiyo haikuharibiwa na umri. Iliharibiwa siku ileile zege lilipomiminwa.

Dari na paa

Dari la nyumba ya mawe hubebwa na boriti za mikoko zilizopangwa kwa ukaribu, juu yake yakalazwa mawe madogo na chokaa, kisha sakafu ikapigiliwa mpaka ikashikana. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, na ndiyo maana vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, vya upana wa mita tatu hivi. Boriti ya mkoko ni ngumu na haishambuliwi upesi na wadudu ikiwa kavu. Inapooza, huanzia kwenye kichwa chake kilichoingia ukutani, mahali ambapo macho hayafiki. Chukua bisibisi uidunge boriti pale inapokutana na ukuta, hasa chini ya choo na chini ya mfereji wa bati unaokusanya maji ya paa. Ikiwa nzima ncha itagota, ikiwa imeoza itazama hadi kwenye mpini. Pia uliza kama kuna ukuta uliobomolewa chini ili kupata duka pana au sebule kubwa. Katika nyumba hizi hakuna nguzo ya zege iliyofichwa inayobeba mzigo. Ukuta ndio unaobeba, na mara nyingi ukuta huohuo umebeba na boriti za jirani.

Watu wengi hutaja Beit al-Ajaib pindi yanapozungumzwa majengo ya zamani, na wana haki. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Sayyid Barghash, na sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Msiba ule unatufundisha kuwa jengo la namna hii likiachwa maji yaingie kwa miaka mingi hufika hali ambayo hata tiba yake ni hatari. Lakini katika pwani ileile, upande wa Malindi, liko jengo la Zahanati ya Zamani, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1887, likachakaa sana, likakarabatiwa katika miaka ya 1990 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, nalo limesimama na nakshi za roshani zake. Majengo hayo mawili ni ya zama moja na ya ufuo mmoja.

Katika fleti, dari ni zege, na kwa anayeishi ghorofa za kati hilo halimpi kazi kubwa. Tatizo humwangukia wa ghorofa ya juu kabisa, ambaye paa lake ni la jengo zima, na pia yule ambaye choo cha jirani kiko juu ya jiko lake. Ukikagua fleti, tazama dari la choo kuliko dari la sebule, na panda umtembelee wa juu yako ujue hali ya mabomba yake.

Paa la nyumba mpya kwa kawaida ni kenchi za mbao na bati. Hapa mambo ni machache na yanapimika: mbao ziwe kavu na zimetiwa dawa ya mchwa, na bati liwe la unene unaofaa, ukikumbuka kuwa geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba inaonekana ndogo. Ninachokitilia shaka ni mtindo wa paa la kuficha, ambapo ukuta hupandishwa pande zote na bati likawekwa nyuma yake. Nyumba hupendeza kwa mbele, lakini hukosa upenu, mvua ya kusi huipiga kuta moja kwa moja, na maji yote ya paa hukusanyika kwenye mfereji wa ndani ambao jani moja la mwembe likiuziba hugeuza dari kuwa ramani ya madoa. Kwa nchi yenye masika kama yetu, upenu wa mita moja una faida kuliko nakshi yoyote ya ukutani.

Msingi na ardhi

Nyumba za mawe zimekaa juu ya msingi wa mawe usio wa kina kirefu, na zimeshatitia kwa kiasi chake tangu zamani. Kinachoziamsha upya ni maji ya chini: bomba linalovuja kichochoroni, karo (shimo la maji machafu) lililojaa, au mfereji ulioziba ukaelekeza maji kwenye kona ya nyumba. Fleti zilipimwa na kujengwa kwa mpango mmoja, na mwenye kununua chumba kimoja hana la kufanya kuhusu msingi isipokuwa kutazama kama kuna nyufa za mshazari zinazopanda kutoka ghorofa hadi ghorofa.

Nyumba mpya ndiyo inayohitaji mtu aulize ardhi, kwa sababu viwanja vinavyouzwa sasa vimo hata mahali ambapo wazee wetu walipaacha makusudi. Wakulima wana majina ya udongo ambayo yanamsaidia mjenzi kuliko anavyodhani. Penye uwanda na maweni, kama upande wa mashariki na kusini wa Unguja, jiwe liko karibu na msingi ni rahisi kuushikiza, ingawa kuchimba karo ni taabu. Kichanga na kinongo hukubali msingi wa kawaida ukichimbwa hadi udongo mgumu. Kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi, ndicho cha kuogopwa, maana huvimba kikilowa na hunywea kikikauka, na nyumba iliyokaa juu yake hupasuka kwenye pembe za madirisha kila msimu ukigeuka. Penye kinamo msingi unataka zege lenye nondo, na fundi anayekuambia kuwa mawe matupu yatatosha hajakutakia mema. Katika Pemba, ambako vilima ni vingi na mvua ni nyingi kuliko Unguja, tahadhari inayoongezeka ni ya mteremko: kiwanja kilichokatwa kwenye kilima kinahitaji ukuta wa kuzuia udongo na mfereji wa nyuma ya nyumba kabla ya tofali la kwanza. Na kwa Unguja, ukipenda kiwanja maeneo ya Mwanakwerekwe au bondeni popote, kiende kukitazama masika, siku ya pili baada ya mvua kubwa.

Joto na hewa

Ukuta mnene wa mawe huchelewa kupata moto, dari liko juu, na kichochoro chembamba huzuia jua, kwa hiyo mchana wa kaskazi ndani huwa baridi kiasi cha kushangaza. Usiku ukuta huo hurudisha joto polepole, na vyumba vya chini vyenye madirisha machache hubaki na unyevu na harufu ya ukungu. Mwenye pumu ndani ya familia alipime hilo kwa uzito. Fleti za juu hupata upepo mzuri, ila vyumba vinavyotazama magharibi hupokea jua la alasiri lote. Nyumba mpya ina ukuta mwembamba na bati lenye kuchoma, lakini ina uhuru ambao hizo nyengine hazina: mwenyewe ndiye anayeamua madirisha yatazame wapi. Yakitazama kaskazini mashariki na kusini, kaskazi itaingia huku na kusi itaingia kule, na feni itapumzika nusu ya mwaka. Wengi huyapanga madirisha kwa kufuata barabara, kisha hununua kiyoyozi.

Mabomba na umeme

Hapa nyumba mpya inaongoza bila ya mjadala, kwa kuwa nyaya, mabomba na karo vilipangwa pamoja na nyumba. Katika nyumba ya mawe vyote viliongezwa baadaye, na bomba lililozikwa ndani ya ukuta wa chokaa likivuja hulisha ukuta maji kwa miezi kabla ya kuonekana. Bora mabomba yapitishwe nje ya ukuta, hata kama hayapendezi. Katika fleti jambo la kuuliza ni maji: yanafika ghorofa yako kwa nguvu yake au kwa pampu na ndoo.

Matengenezo, mafundi na vibali

Nyumba ya mawe hutaka kidogo kidogo kila mwaka. Chokaa ipakwe, mfereji usafishwe kabla ya masika, mti unaoota ukutani ung'olewe ukiwa mchanga. Kazi hizi si ghali moja moja, lakini haziahirishiki. Mafundi wanaojua chokaa wamebaki wachache, na fundi hodari wa saruji anaweza kuwa fundi mbaya wa chokaa bila ya kukusudia. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na matengenezo yake yanahitaji idhini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, kwa hiyo kubadilisha dirisha, kuongeza ghorofa au kubomoa ukuta si jambo la kuamua na fundi peke yenu. Uliza pia miliki: nyumba nyingi za humo ni za wakfu au za Serikali, nyengine ni za warithi wengi ambao baadhi yao wako ng'ambo ya bahari. Nyumba isiyojulikana nani atalipia bati huvuja mpaka iporomoke.

Fleti huhitaji makubaliano ya majirani. Ndani ya mlango wako utatia vigae upendavyo, lakini paa, ngazi na bomba la maji machafu ni vya wote, na fleti nzuri ndani ya jengo lisilo na kamati ya wakaazi inayofanya kazi ni nusu ya fleti. Nyumba mpya, kwa miaka kumi ya mwanzo, haidai mengi isipokuwa rangi, na mafundi wake wako kila mtaa. Kibali cha ujenzi kinahitajika, na ukinunua iliyokwisha kujengwa omba ukione pamoja na ramani yake, kwa kuwa karatasi hizo hukuambia kama msingi ulikusudiwa kubeba ghorofa ambayo muuzaji anakuambia utaipandisha baadaye.

Ipi humfaa nani

Nyumba ya mawe humfaa anayeishi mwenyewe ndani yake au jirani nayo, mwenye subira, mwenye fedha ya akiba ya kila mwaka, na anayependa mji kiasi cha kuvumilia ngazi zake na vibali vyake. Haimfai anayetaka kufunga mlango na kuondoka miaka mitatu.

Fleti humfaa mwenye familia ndogo anayehitaji kuwa karibu na soko, hospitali na skuli, na asiye na nguvu za kusimamia ujenzi. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, ghorofa ya chini ndiyo fleti na nyengine zote ni mlima.

Nyumba mpya humfaa mwenye familia inayokua na anayeweza kuwa kiwanjani wakati zege linamiminwa, au aliye na mtu wa kumwamini awepo. Niliposimamia nyumba ya ndugu yangu, siku zilizookoa nyumba ile zilikuwa mbili: siku niliyorudisha gari la mchanga baada ya kuuonja kwa ncha ya ulimi na kukuta chumvi, na siku niliyokataa zege lisimiminwe mpaka nondo ziinuliwe kwa vipande vya mawe zisilale juu ya mbao.

Ukiwa katika hali hii

Ukiwa umerithi nyumba ya mawe na fedha ni kidogo, anza na bati na mifereji kabla ya lipu na rangi, hata kama lipu ndiyo inayoonekana na wageni. Boriti zilizooza zibadilishwe chumba kimoja baada ya chengine, dari likiwa limeegemezwa, na lipu ya saruji iliyokwisha kupigwa iondolewe pole pole ukuta ukauke msimu mzima kabla ya kupigwa ya chokaa.

Ukiwa ughaibuni na unajenga kwa kutuma fedha, usitume kwa jumla. Tuma kwa hatua, na kila hatua itanguliwe na picha za nondo kabla ya zege, za matofali yakimwagiliwa, na za msingi ukiwa wazi. Ikiwa huna wa kumwamini hata kwa picha hizo, fleti iliyokwisha kusimama ina hatari ndogo kwako kuliko kiwanja.

Ukiwa unanunua nyumba mpya iliyokwisha kupigwa rangi, uliza ilipigwa lini. Rangi mbichi siku ya kuuza inaweza kuwa ya heshima kwa mgeni, na inaweza kuwa ya kufunika ufa. Gonga kuta, tazama pembe za madirisha, panda darini na tochi utazame kenchi, na umwombe muuzaji akuoneshe fundi aliyejenga.

Ukiwa karibu na bahari, iwe Chukwani au pwani ya mashariki, nondo zifunikwe kwa zege nene zaidi ya nchi moja, na uzipime mwenyewe kabla hazijazikwa. Katika ufuo huo ukuta wa mawe na chokaa, usio na chuma ndani yake, una jambo moja pungufu la kuogopa kuliko wa zege, ingawa hufyonza chumvi.

Na ukiwa umeshaipenda nyumba, ya aina yoyote kati ya hizi tatu, ila bado hujatoa fedha, irudie mara moja wakati wa mvua. Nenda bila ya dalali, ukae ukumbini kwa saa moja mvua ikinyesha, kisha uzunguke nje utazame maji ya paa yanaangukia wapi na yanaelekea upande gani.